Ardhi Elfu Kumi za Kitaya

Cape Town, 6 Machi 2023

Kwako Mjomba Kassimu,

Shikamoo. Ukishaitikia, mpe mkeo, Mama Somoe, salamu zake kabla hajakunyang'anya karatasi. Mimi ni mzima. Huku baridi bado haijaanza, ila upepo wake unaweza kumvua mtu mtandio. Mama asihangaike kuhusu chakula. Mchele upo, samaki wapo, ninachokosa ni ming'oko ya kuchimba porini tu na mtu wa kugombana naye asubuhi.

Barua hii inapitia kwa Baba Gideoni, kwenye ofisi yake ya kutoa mizigo pale Bandari ya Mtwara. Nimemwomba aikabidhi kwa dereva wa basi la Kitaya, isije ikalala katikati ya makaratasi ya makontena. Simu najua umeikataa tangu masikio yako yafe kwa kelele za mitambo ya bandari, na maandishi ya kwenye kioo unasema yanakuumiza macho. Basi nitaandika kwa mkono, herufi kubwa, kama ulivyonifundisha.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa, maana kijijini wanasema Latifa anatafuta gesi. Sitafuti gesi, Mjomba. Natafuta maji. Ule mradi wa visima anaousimamia Mhandisi Irene, Mtwara, umetoboa mashimo membamba ya kupimia kuanzia huko kwenu mpaka karibu na mlango wa Ruvuma. Kila shimo linatuambia kilichopo chini yake: mchanga, udongo mzito, maji matamu, maji ya chumvi. Lakini kati ya shimo na shimo hakuna anayejua. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Naiambia kompyuta initengenezee ardhi nzima ya bonde, inayokubaliana na mashimo yote. Ikimaliza, naiambia itengeneze nyingine, tofauti na ile, lakini nayo ikubaliane na mashimo yale yale. Kisha nyingine. Nikiwa na ardhi nyingi za namna hiyo nauliza: mahali fulani, ni katika ardhi ngapi maji ni matamu? Pakiwa matamu karibu katika zote, hapo ndipo pa kuchimba.

Kompyuta moja ingezeekea kwenye kazi hii. Hapa zipo mamia, zimeunganishwa katika ukumbi mmoja, na kazi inagawanywa kama tunavyogawana shamba wakati wa kuokota korosho: wewe shika mistari hii, mimi ile, wote kwa wakati mmoja.

Mradi una uwezo wa kuchimba kisima kirefu kimoja tu kwa kila kijiji. Irene ameahidi kwamba Kitaya watachimba nitakapoonyesha mimi. Ndiyo maana naogopa kukosea.

Je, Mama bado anachota mtoni?

Ni mimi, mtoto wa dada yako,
Latifa


Kitaya, 11 Aprili 2023

Kwa mpwa wangu Latifa,

Marahaba. Barua yako imetukuta ndani ya mfungo, kona zake zimekunjika lakini haijafunguliwa. Sisi tu wazima. Somoe alikaa mbele yangu nilipokuwa naisoma, akinitazama usoni. Karatasi hajui kuisoma, ila uso wangu anausoma vizuri, na kabla sijamaliza alikwisha jua kwamba umeulizia ming'oko. Amecheka sana.

Habari za hapa ni hizi. Tembo waliingia kwenye mahindi ya upande wa bondeni wakala wakashiba. Fadhili amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na Somoe anasema tangu siku hiyo anatembea kama amemeza fimbo. Mwalimu wa Songea, yule mume wa Martha, amepata uhamisho na ameukataa. Yote haya ameniambia Somoe. Mimi kijiji hiki nakisikia kwa mdomo wake. Akienda Mtwara siku mbili, kwangu Kitaya yote inanyamaza.

Unauliza kuhusu mtoni. Ndiyo, anachota mtoni, yeye na wenzake wote. Kisima cha shule kimezidi chumvi, ukipikia maharage hayaivi. Uzio wa magogo tuliouweka ili mamba wasifike wanapochotea ulichukuliwa na mafuriko, na tukiweka mwingine mto unauchukua vilevile. Wanakwenda wengi pamoja, wanapiga ndoo, wanachota haraka, wanarudi.

Hayo mambo ya ardhi nyingi nimeyaelewa nusu. Somoe ameelewa zaidi. Ameniambia, "Ni kama mtu amepotea safarini. Kila mtu ana maelezo yake, na yote yanaanzia pale alipoonekana mara ya mwisho." Kisha ameuliza kitu kimoja tu: lini?

Mjomba wako,
Kassimu


Cape Town, 28 Mei 2023

Kwako Mjomba Kassimu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mama. Natumaini Idi ilikuwa njema. Mimi niliila na Joyce, msichana wa Iringa ninayeishi naye. Yeye ni Mkristo lakini pilau hakumwachia mtu.

Mwambie Mama kwamba nina ardhi mia sasa. Kompyuta zilifanya kazi kwa juma zima. Nimeziangalia zote, na kuna mahali pamoja panapojirudia. Lakini sitapataja, na nakuomba usinilazimishe. Profesa wangu anasema mia ni chache mno kwa bonde kubwa namna ile. Mahali panaweza kung'aa katika ardhi mia kwa bahati tu. Anataka elfu kumi, nami nakubaliana naye.

Unakumbuka kile kisima cha sokoni nilipokuwa sekondari. Yule bwana alikuja asubuhi, akazunguka na kifaa chake, akaonyesha kwa kidole, wakachimba, maji yakatoka chumvi tupu. Nakumbuka kina mama walivyosimama pale na ndoo zao mpya. Miaka mingapi imepita kabla mtu mwingine hajaja kuchimba Kitaya? Nikikosea mimi, safari hii hatarudi mtu. Na watasema ni mtoto wa kwao.

Tatizo ni foleni. Mashine hizi wanazitumia watu wengi, wa hali ya hewa, wa nyota, wa madini, na kila mmoja anasubiri zamu. Nadhani mpaka mwezi wa nane nitakuwa nimemaliza. Mtoni nendeni kwa uangalifu.

Latifa


Kitaya, 9 Julai 2023

Kwa mpwa wangu Latifa,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa mgongo wangu ambao una desturi zake. Tunapuliza salfa kwenye mikorosho, nguo zote zinanuka. Somoe anakusalimu, na salamu zake leo zina pilipili.

Nilimsomea barua yako. Akaenda kuchochea moto, akarudi. Akasimama mbele yangu ili nimwone mdomo, akasema polepole nisikose neno: "Mwandikie Latifa. Hata kama hana hakika, aseme anapodhani. Sisi tumezoea kulima bila hakika."

Nilimjibu kwamba kazi za kusoma haziko kama kulima. Akasema yeye hakusema ziko. Basi nimeandika alivyotaka, ingawa mimi naona ufanye kama anavyosema profesa wako.

Maji ya mto yameanza kupungua. Yakipungua, mamba wanasogea kwenye madimbwi ya karibu. Juzi mbuzi wa Issa, jirani yetu mwenye pikipiki, alichukuliwa mchana kweupe. Fadhili ameita mkutano. Watu wamezungumza sana, kwa jinsi Somoe alivyonisimulia, na mwisho wameamua kusubiri kisima.

Mjomba wako,
Kassimu


Cape Town, 20 Agosti 2023

Kwako Mjomba Kassimu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Tumekuwa na mvua isiyokatika, na mimi nimekuwa na hasira isiyokatika.

Nilikuwa nimefika ardhi elfu sita. Nikazitandaza kwenye kioo nizitazame, nikaona mistari. Mistari iliyonyooka, katikati ya bonde, mahali ambapo Mungu hakuweka mstari wowote. Kumbe nilipoigawa ardhi katika vipande, kila kompyuta kipande chake, sikuzifundisha vizuri kutazama kipande cha jirani. Kila moja ilifanya kazi yake kwa uaminifu, lakini mpakani hazikuelewana. Mkondo wa maji matamu unakuja vizuri, ukifika mpakani unakatika kama kitambaa kilichoshonwa na mafundi wawili wasiosalimiana. Nimezifuta zote elfu sita. Nimeanza upya.

Mwambie Mama nimesikia maneno yake. Mwambie sipuuzi. Lakini nikisema ninapodhani, Irene atapeleka mtambo pale, na mtambo haurudi mara ya pili. Anivumilie kidogo tu, mishono hii ikikaa sawa kazi itakwenda haraka. Mwezi wa kumi na moja hautafika kabla sijamaliza.

Latifa


Kitaya, 15 Oktoba 2023

Kwa mpwa wangu Latifa,

Marahaba. Barua yako ilifika muda mrefu uliopita, sikuwahi kuijibu. Korosho zimeanza kudondoka, mwaka huu ni nzuri. Mabibo ni mengi. Joto ni kali.

Nimeelewa habari ya vipande na mipaka. Umefanya vizuri kuanza upya. Usiharakishe. Fanya kazi yako mpaka uridhike nayo.

Huku sote tunaendelea.

Kassimu


Cape Town, 19 Novemba 2023

Kwako Mjomba Kassimu,

Shikamoo, shikamoo tena. Leo naandika mbio kwa furaha, nisamehe mwandiko.

Nimemaliza. Ardhi elfu kumi, hakuna mshono hata mmoja unaoonekana. Kitaya wachimbe kwenye mwinuko nyuma ya ile mashine ya kusaga iliyoachwa, upande wa mashariki. Katika kila ardhi kumi, tisa zinasema maji pale ni matamu. Nimemtumia Irene ramani jana, naye amenijibu kwamba mtambo uko Masasi na utafika kwenu mwezi ujao.

Na kuna jambo litamfurahisha Mama. Zile ardhi mia za mwezi wa tano nazo zilikuwa zimeelekeza pale pale, nyuma ya mashine ya kusaga. Elfu kumi zimekuja kurudia neno lile lile, kwa sauti kubwa zaidi tu. Mwambie alikuwa na haki ya kunitilia pilipili. Nikija atanicheka, nami nitakaa kimya.

Barua yako ilikuwa fupi, Mjomba. Haina salamu ya Mama. Amenuna kwa sababu nimechelewa, au ni homa? Nijibu.

Latifa


Kitaya, 21 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Latifa,

Marahaba. Kisima kimechimbwa.

Mtambo ulikuja kwenye lori mbili kabla ya mwaka kwisha. Watu walijaa tangu alfajiri. Mimi mtambo sikuusikia, ila niliuhisi kwa nyayo, ardhi yote ya mwinuko ule ilikuwa inatetemeka. Wametoboa siku nzima na siku ya pili. Mara ya kwanza lilitoka tope, kisha maji machafu, kisha maji meupe. Fadhili alikinga kwa viganja akaonja kwanza, kama mwenyekiti. Nilimwona anafumba macho. Akanivuta mkono nionje na mimi. Ni matamu, Latifa. Hayana chumvi kabisa. Watu walicheza. Imamu alisoma dua, na Martha na mumewe nao wakasali kwa namna yao.

Irene ameniandikia kwenye daftari lake kwamba hajaona ramani iliyolenga hivi. Nilimwambia ni mtoto wa marehemu dada yangu Rehema.

Sasa kuna bomba nne. Hakuna anayeteremka mtoni. Mimi nachota ndoo zangu mwenyewe, asubuhi na jioni. Si mbali.

Mengine ya nyumbani usiniulize kwa barua. Ukija tutazungumza.

Kassimu


Cape Town, 25 Februari 2024

Kwako Mjomba Kassimu,

Shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa maji. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikiisoma furaha inapungua. Nitaandika waziwazi, unisamehe ikiwa nakuvunjia heshima.

Umeandika kwamba unachota ndoo zako mwenyewe. Tangu lini, Mjomba? Mama aliwahi kumfukuza Issa kwa kukubebea jembe, akisema mume wake hajafikia kubebewa na majirani. Leo akuache uchote maji asubuhi na jioni, watu wakiona?

Na kuna jambo jingine. Nimezitoa barua zako zote nikaziweka kitandani. Za Aprili na Julai zimejaa watu. Fadhili anatembea, mwalimu anakataa uhamisho, mkutano umesema hivi na hivi. Tangu Oktoba hakuna mtu anayesema neno katika barua zako. Unaona tu. Unaona viganja, unaona macho yamefumbwa. Nani anakuambia mambo siku hizi?

Nilimpigia Baba Gideoni. Nilipomtaja Mama alisema simu inakatakata, akakata. Simu haikuwa inakatakata.

Mjomba, wewe ndiye baba yangu na Somoe ndiye mama aliyenilea. Usiniache nitengeneze majibu mwenyewe. Nimetengeneza mengi, na yote yanakubaliana na barua zako.

Latifa


Kitaya, 24 Machi 2024

Kwa mpwa wangu Latifa,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa nimefunga, ili nisiandike uongo. Kaa chini kwanza, na yule Joyce awe karibu.

Somoe hayupo. Alifariki mwezi wa tisa mwaka jana, asubuhi, mtoni. Alikuwa ameinama kuchota, mamba akamchukua. Alikuwa na Martha na binti ya Fadhili, wao ndio walioona. Alipatikana kesho yake upande wa pili wa mto. Watu wa Msumbiji walimleta kwa mtumbwi, wamemfunika kwa kanga zao wenyewe, na tulipotaka kuwarudishia walikataa. Tulimzika siku ile ile baada ya alasiri, karibu na mama yako.

Mwezi wa kumi nilitaka kukuambia. Nilikaa na kalamu, nikaishia kukuandikia mabibo. Nikasema ngoja amalize kazi. Kisha ikaja barua yako ya mwezi wa kumi na moja. Niliisoma barazani. Nilipofika pale kwenye ardhi mia, niliikunja. Nikawaambia Fadhili na Baba Gideoni kwamba mtoto huyu asiambiwe mpaka aje mwenyewe. Fadhili alibisha sana, nilimwona mishipa ya shingo. Nikamwambia, "Mjomba wake ni mimi." Akakubali.

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa wao. Iko nyingine ambayo sikumpa mtu.

Nilikuwepo, Latifa. Nilikuwa kwenye kona ya mto, hapo juu kidogo, nakata matete, nimewapa mgongo. Martha ameniandikia, maana nilimlazimisha aandike, kwamba Somoe alipiga kelele, na aliita jina langu. Aliliita zaidi ya mara moja. Watu waliokuwa mashambani walisikia wakaja mbio. Mimi niliendelea kukata matete. Nilijua kuna jambo Issa aliponipita anakimbia, mdomo wazi. Nilipogeuka maji yalikuwa yameshatulia.

Sijui kama ningemfikia. Watu wanasema nisingemfikia. Lakini angeniona naja.

Basi usiichukue hii peke yako. Najua utahesabu miezi kuanzia ule wa tano. Mimi nahesabu hatua za kutoka kwenye matete mpaka majini. Tukianza kuhesabu, wewe huko na mimi hapa, hatutamaliza.

Mjomba wako,
Kassimu


Cape Town, 5 Mei 2024

Kwako Mjomba Kassimu,

Shikamoo, na pole, pole sana. Nakupa pole ambayo kila mtu alikwisha kukupa miezi mingi iliyopita, mimi nikikuandikia habari za mishono.

Nimeandika majibu mengi nikayachana. Joyce alinikuta nimekaa sakafuni nje ya ule ukumbi wa mashine, akakaa na yeye. Ndani kuna mvumo usiokwisha, usiku na mchana, kompyuta zikifanya kazi za watu wengine. Tulikaa mpaka mlinzi akaja.

Mama aliniomba niseme ninapodhani. Hilo nalirudia kila nikiamka. Profesa amesema sikukosea, kwamba ningetoa jibu mapema na likawa chumvi ningeua watu wengi zaidi. Huenda ni kweli. Sikumbishia. Mpaka leo sijui ningefanya nini kama ningerudishwa mwezi wa tano bila kujua ninayoyajua sasa. Nadhani ningesubiri tena. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mjomba, kuna vijiji vitatu vya chini, kuelekea mlango wa mto, vilivyokuwa vinangoja ramani zangu. Huko mashimo ya kupimia ni machache na mikoko inafika mbali, kazi ilikuwa iendelee mpaka mwakani. Juma lililopita nilimtumia Irene nilichonacho. Nimemwandikia wazi: vijiji viwili, nane katika kumi. Kile cha mwisho, karibu na mikoko, sita tu katika kumi. Nimemwambia awaeleze watu hivyo hivyo, waamue wenyewe. Profesa amekasirika, hatusemezani vizuri. Sijui kama nimefanya hivi kwa sababu ni sahihi au kwa sababu ya Mama.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitakuja mwezi wa tisa, tumsomee hitma ya mwaka. Na yale matete, Mjomba, nakuomba usiende kuyakata tena peke yako.

Mwanao,
Latifa


Kitaya, 18 Agosti 2024

Kwa mwanangu Latifa,

Marahaba. Nina afya. Barua yako niliisoma nikailalia, na sitaijibu yote. Njoo mwezi wa tisa kama ulivyosema. Fadhili amekwisha zungumza na imamu, na Martha amesema atapika yeye.

Irene alipita hapa, akaniandikia habari za vile vijiji vitatu. Viwili vimepata maji matamu. Kile cha mwisho, karibu na mikoko, walielezwa habari ya sita katika kumi, wakapiga kura, wakasema wachimbiwe. Wamechimba mpaka mwisho wa bomba. Ni chumvi. Mtambo umeondoka. Watu walimuuliza Irene ni nani aliyeonyesha pale, naye hakuficha, akawaambia ni binti wa Kitaya aitwaye Latifa. Wakasema wanataka kumwona. Akawajibu kwamba yuko mbali.

Huku kwetu mtoto wa dada akikosa, anayeitwa ni mjomba. Hawakuniita. Nilikwenda mwenyewe Jumapili. Issa alinipeleka kwa pikipiki, njia ni mchanga mtupu, tulianguka mara moja lakini hatukuumia. Tulipofika alitaka akae karibu yangu aniandikie watakayosema. Nikamwambia abaki kwenye pikipiki yake.

Walikusanyika pale kwenye kisima chao cha chumvi. Nikawaambia, "Mimi ni Kassimu wa Kitaya, mjomba wa Latifa. Aliwaonyesha alipodhani, kwa kuwa aliogopa mwingine asife mtoni kama alivyokufa mke wangu. Kwetu alipata, kwenu amekosea. Yeye hayupo. Semeni na mimi."

Wakasema. Alianza mzee mmoja mwenye fimbo, akawa anapiga chini kila akimaliza jambo. Akafuata mama aliyebeba mtoto, huyo alisema kwa muda mrefu na alilia. Kijana mmoja alisema maneno machache akaondoka. Wengine walisema wawili wawili. Mimi sikusikia hata neno moja, na wao nadhani walikwisha kujua kwamba sisikii, lakini hakuna aliyeacha kusema. Nilimtazama kila mmoja usoni mpaka alipofunga mdomo, ndipo nikamgeukia mwingine. Nilikaa mpaka walipomaliza.

Walipomaliza, yule mama mwenye mtoto aliingia ndani akaniletea maji. Yalikuwa ya mtoni, yana rangi ya udongo. Walisimama wote wananitazama. Nikayanywa mpaka chini.

Mjomba wako,
Kassimu